Niliugua Manka Akiwa Mbali

Kama umeambiwa juzi kwamba una saratani, na mtoto wako yuko chuoni nchi ya watu, kaa chini usome haya. Mambo ya dawa atakueleza daktari. Mimi ni muuza mashuka na mapazia Kariakoo, elimu hiyo sina. Nitakueleza yale yaliyobaki, ambayo kule kliniki hakuna aliyenieleza. Na nikikufokea mahali, nivumilie, maana miaka yangu yote nimeongea na wateja wanaokunjua shuka kumi halafu wanasema watarudi kesho.

Manka ni mtoto wetu wa pekee. Alikuwa India akisomea ufamasia wakati corona ilipofunga mipaka. Wenzake wenyeji walirudi makwao, ndege za kuja huku zikasimama, yeye akabaki hosteli na wasichana wachache kutoka nchi za Afrika. Geti lilitiwa kufuli na jiko la chuo likafungwa. Huku kwetu Kariakoo ilikuwa ile ile, wapagazi wanapiga kelele upishe njia, mikokoteni inakukanyaga vidole. Nilikuwa nasimama mlangoni pa duka nikiangalia umati ule na roho inaniuma, kwa sababu mwanangu alikuwa anaiangalia dunia kupitia nondo za dirisha.

Aliyetuokoa ni Bhai Dinesh, jirani yetu wa duka, anayeuza zipu, vifungo na nyuzi. Kazaliwa hapa hapa mjini na Kiswahili chake kinanishinda mimi Mchagga. Ana dada yake aliyeolewa katika mji ule ule aliokuwa anasoma Manka. Alimpigia simu nikiwa nimesimama pale, wakaongea Kigujarati kwa sauti ya juu nikadhani wanagombana, kisha akaniambia, "Mama Manka, usilie. Chakula kitafika." Kikafika kweli. Yule mama akawa anampa mlinzi wa geti makopo ya dengu na chapati ampelekee Manka. Ni Wahindu wasiogusa nyama. Manka alishukuru sana, halafu akaninong'oneza kwenye simu, "Mama, hata yai hawatumii!" Tulicheka. Ndiyo ilikuwa shida yetu kubwa wakati huo.

Uvimbe niliugusa mwenyewe nikioga, mwisho wa masika. Sitakueleza mizunguko ya vipimo, utaizunguka mwenyewe. Siku tuliyopewa majibu, mimi na Baba Manka tulirudi mpaka dukani, tukafungua kama kawaida, na nikauza mapazia ya sebule nzima kwa bibi harusi mmoja. Mpaka leo sikumbuki nilimwambia nini yule binti.

Jioni nikasema, "Manka tumwambieje?"

Baba Manka alikuwa anashusha milango ya chuma. Akaacha.

"Hatumwambii," akasema. "Mtoto kafungiwa, anakula dengu za kupenyezewa getini, halafu umwambie mama yako ana kansa? Afanye nini? Aruke ukuta? Mwache asome, wewe utapona, atakuja kusikia kama hadithi."

Nilikubali. Usinihukumu, nawe huenda umekwisha kukubali. Kwetu mtu aliye mbali hapewi habari mbaya. Hata baba yake akifa, ataambiwa, "Njoo nyumbani, mzee anaumwa kidogo," mpaka akanyage uwanjani aone maturubai. Tunaita huruma. Manka amekulia humo humo, na kila mtu katika ukoo wetu ameshadanganywa hivyo walau safari moja.

Dozi zilianza wakati wa kipupwe. Ndugu hawakuruhusiwa kuingia ndani kwa sababu ya corona, kwa hiyo Baba Manka alikuwa ananiacha kwenye ndoo za kunawia mikono, anakaa nje ya uzio kwenye kivuli cha ukuta, na kila nikigeuka namwona ananipungia mkono kama napanda meli. Ndani tuliketi kwenye mabenchi yaliyochorwa alama za iksi kwa rangi nyekundu, huruhusiwi kukaa juu ya iksi. Sote tulikuwa na barakoa. Wanawake wale niliwajua kwa macho na viatu. Mmoja wetu akikosekana, tunaliona pengo lake kwenye benchi, na hakuna anayeuliza.

Aliyenifundisha kukaa pale ni mama mmoja wa Mbagala, tumwite Mama Zuhura. Alikuwa anakuja na chupa pana ya chai, na ndani yake hakuna chai, kuna barafu za maziwa, zile zinazouzwa mitaani kwenye vifuko vya nailoni. "Nyonya wakati dripu inapita," akaniambia, "mdomo hautachanika sana." Akanigawia. Sijui daktari angesemaje, muulize wako. Mimi ninachojua ni kwamba mtu asiyenifahamu aliamka asubuhi akahesabu barafu na za kwangu.

Dawa yenyewe ilikuwa nyekundu kama juisi ya rozela. Baada ya dozi ya kwanza kila kitu kilikuwa na ladha ya chuma, hata maji. Baada ya ile ya pili nywele zilitoka, nilizikuta kwenye mto nikazikunja ndani ya gazeti. Kucha ziligeuka nyeusi. Mimi niliyekuwa nanyanyua majora ya vitambaa peke yangu, nikawa napumzika katikati ya kupiga mswaki. Baba Manka alijifunza kupika uji, akauunguza, akajifunza tena. Tulikuwa tunagombana kwa sababu ya chumvi, kwa sababu ya feni, kwa sababu ya mlango uliobamizwa. Na wewe utagombana na mwenzako. Hofu haina pa kwenda, inaingia jikoni.

Lakini Jumamosi ilikuwa siku ya Manka. Miaka yote tulikuwa tunampigia video tukiwa dukani, mimi nyuma ya kaunta, mapazia yamening'inia nyuma yangu. Tukaona tukimpigia nikiwa kitandani atashtuka. Basi kila Jumamosi, hata niwe nimetapika asubuhi, nilifungwa kilemba kikubwa cha kitenge, nikapakwa poda na mume wangu aliyekuwa hajawahi kushika poda maishani, nikapelekwa Kariakoo kukaa kwenye stuli kwa muda wa simu moja. Nikikata, narudishwa kulala. Bhai Dinesh alishaelezwa, akawa anapita nyuma yangu na kupunga mkono ili duka lionekane limechangamka.

"Mama, mbona umekonda?"

"Biashara, mwanangu. Unajua Kariakoo."

"Na baba?"

"Yuko bandarini, kontena limekwama."

Kila Jumamosi baba yake alikuwa bandarini. Ukweli ni kwamba alikuwa amesimama upande wa pili wa kaunta ameshika simu, machozi yanamtoka. Uso wake hauwezi kuficha kitu. Alijua akionekana tu, Manka atamsoma, kwa hiyo akajificha nyuma ya kamera miezi ile yote. Na mimi sikuona ubaya wake.

Ikafika Jumamosi moja kabla ya mvua za vuli, joto linachemsha mji na umeme umekatika. Feni zimesimama. Baba Manka alikuwa amekwenda kunitafutia supu, maana asubuhi ile kwa mara ya kwanza nilisema nina hamu ya kitu. Nikaona nivue kilemba kidogo nijipepee kabla ya saa ya simu. Simu ikaita mapema. Na mimi, kwa mazoea ya kuogopa asinikose, nikapokea.

"Shikamoo ma..."

Nikaona macho yake yamepanda juu ya uso wangu, yakaganda pale. Ndipo nikakumbuka kichwa changu kiko wazi, kinang'aa jasho.

"Mama," akasema polepole. "Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Baba yuko wapi?"

"Katoka kidogo, anakuja sasa hivi."

"Katoka kaenda wapi? Bandarini?" Akasimama, simu yake ikayumba. "Kila Jumamosi bandarini! Mama, mmemzika baba! Mmemzika baba bila kuniambia!"

Katika ukoo wetu mjane hunyolewa baada ya mazishi. Manka alikuwa mdogo alipomwona bibi yake akikalishwa kwenye kigoda na kunyolewa kwa wembe, na mwanamke mwenye kipara kwake ana maana moja tu. Nikaapa kwa Mungu. Akasema hivyo hivyo ndivyo walivyomwapia shangazi yake alipokuwa safarini na mumewe yuko mochwari. Nikamwita Bhai Dinesh, akaja mbio na nyuzi mkononi.

"Manka, beti, binti yangu, baba yako mzima kabisa. Kaenda kuchukua supu."

"Uncle, na wewe wamekufundisha?"

Hakuna neno ambalo lingemtosha mtoto yule. Tulikuwa tumemlea ajue kwamba habari tunazompa mtu aliye mbali si za kweli. Alikuwa amekaa sakafuni, wasichana wenzake wameingia wakamshika mabega, analia kile kilio ambacho mzazi hatakiwi kukisikia akiwa hai. Nami nalia upande huu, wateja wanachungulia mlangoni.

Baba Manka akatokea na hotpoti ya supu. Alipoona simu imewashwa, akarudi nyuma. Ni mazoea ya miezi yote ile ya kukimbia kamera. Bhai Dinesh akamkamata ukosi wa shati.

"Ingia kwenye simu wewe! Mwanao anakuzika!"

Akasukumwa mbele, supu ikamwagika kwenye mashuka meupe. Manka alimtazama. Akamwambia ageuke, akageuka. Akamwambia aseme jina la ng'ombe waliyekuwa naye Manka alipokuwa mdogo, akalisema. Mtoto akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, "Asante Mungu, asante Mungu, asante Mungu." Akarudia mpaka sauti ikakauka. Halafu akajifuta uso.

"Sasa mama kanyolewa na nani?"

Mume wangu akaangalia chini.

"Na dawa," nikasema. "Nina kansa ya titi, mwanangu. Tangu masika."

"Dawa gani? Ile nyekundu ipo?"

"Ipo."

"Nilifanya mtihani wa dawa hiyo mwezi uliopita," akasema. "Niliandika madhara yake yote, mama. Nilipata maksi za juu." Kisha akakata.

Hakutupigia siku nyingi. Alikuwa anampigia Bhai Dinesh, anauliza mama kala nini, halafu anamwambia asituambie kama kapiga. Bhai Dinesh alikuwa anatuambia papo hapo. Alipoanza kutupigia tena alikuja kama mkaguzi. Kabla sijamaliza kuitikia shikamoo yake, tayari anauliza joto la mwili. Akasema, "Kuanzia leo mnaniambia kila kitu. Hata kikohozi. Mkinificha tena, sitawaamini mpaka mimi mwenyewe nizeeke." Nikamwahidi. Baba yake naye aliitikia, ila kwa kichwa.

Tangu hapo sikukaa tena peke yangu kwenye benchi. Nilikuwa naingia na spika za masikioni chini ya kilemba, naye anakaa nami kutoka India mpaka dripu imalizike. Mara nyingi hatukuongea. Nasikia anafungua kurasa, nasikia mtu anapiga deki hosteli kwao. Mama Zuhura akija nachomoa spika, naye anainama kwenye simu iliyo kifuani mwangu na kusalimia, "Manka, hujambo?" Manka anaitikia, "Shikamoo mama," na wagonjwa wa jirani wanashangaa nguo yangu inaongea. Kama kuna kitu kimoja nitakuomba ufanye, ni hicho. Mruhusu mwanao akae nawe. Utadhani unambebesha mzigo, kumbe alikuwa ameshabeba mzigo wa kukuwazia bila kujua anawaza nini.

Titi liliondolewa karibu na Krismasi. Mwaka huo hatukupanda kwenda nyumbani Kilimanjaro na wenzetu, na mtu anayewajua Wachagga atajua hilo lilikuwa na uzito gani. Kidonda kikakauka. Daktari akasema maneno mazuri. Mwezi wa pili vinyweleo vikaanza kutokeza kichwani, laini kama vya mtoto mchanga, na Baba Manka alikuwa anapitisha kiganja juu yake kila asubuhi kabla hajavaa viatu.

Halafu akaanza kukohoa yeye.

Wakati ule watu mjini walikuwa wanaiita changamoto ya kupumua, na misiba ilikuwa mingi. Alijifukiza kwa majani ya mkaratusi na malimao, blanketi juu ya kichwa, akasema kifua kimefunguka. Siku ya tatu alishindwa kumaliza sentensi. Tulipompeleka hospitali ile ile niliyotibiwa, mimi niliachwa getini, damu yangu ilikuwa bado chini na walisema nikiingia wodi ile natafuta kifo. Safari hii mimi ndiye niliyekuwa nje ya uzio. Kabla hawajamsukuma ndani kwenye kiti cha magurudumu, alinishika mkono.

"Manka asijue," akasema. Akavuta pumzi. "Ana mitihani. Nikitoka... nitamwambia mwenyewe."

Nikasema sawa. Alikuwa mume wangu, na ndilo jambo la mwisho aliloniomba. Nilikaa kwenye ukuta ule ule aliokuwa anakaa yeye, simu mapajani. Nilifikiri kuhusu yule mtoto sakafuni siku ya kilemba. Nikapiga.

Hakulia. Aliuliza nani yuko naye ndani, nikasema hakuna. "Nitafutie nesi," akasema. Bhai Dinesh aliyekuwa amenileta akabembeleza pale mlangoni mpaka muuguzi mmoja, binti mdogo ambaye jina lake sikulijua, akaichukua simu yangu akaifunga kwenye mfuko wa nailoni na kuingia nayo. Alichosema Manka alikuja kunisimulia mwenyewe baadaye. Alisema, "Baba, usinijibu, we sikiliza tu." Akamweleza alivyochoka dengu. Akamweleza kwamba ameota mtori wa ndizi, ule anaoupenda yeye wenye mfupa, na kwamba mtihani wa kwanza umepita vizuri. Hakumtaja mama wala ugonjwa. Muuguzi aliporudisha simu alisema mzee hakuweza kusema na ile barakoa ya oksijeni, ila aliigeuza shingo upande wa simu, na simu ilipotoka alibaki ameelekea huko huko.

Alifariki kesho yake mchana. Sijui kama alinikasirikia kwa kuvunja ahadi. Nikiwaza hilo najiambia kwamba shingo ile iligeuka.

Tulimzika kwenye migomba ya kwao, watu wachache, wamesimama mbalimbali. Safari za ndege zilikuwa bado za kuungaunga, zenye karantini kila kituo, na Manka asingefika hata wiki ile yote. Wifi yangu Anasia alimshikia simu juu ya kaburi. Mtandao wa mlimani ukaganda wakati jeneza linashushwa, na Manka anasema aliona picha moja tu, kiatu cha mchungaji na udongo. Baada ya mazishi Anasia alikuja na wembe, akanitazama kichwa, akasita. "Wifi, wewe Mungu alishakunyoa," akasema. "Tuache." Nikakaa kwenye kigoda. Vilikuwa vinyweleo tu, lakini nilikuwa nimevingoja kwa muda mrefu, na nilitaka vitoke kwa ajili yake.

Manka alikuja vuli iliyofuata, njia zilipofunguka. Hakutaka kupumzika Dar, alisema anakwenda moja kwa moja kwa baba, kwa hiyo nilitangulia mlimani kumsubiri. Alishuka kwenye teksi barabarani, mwembamba, nywele amesuka vizuri, begi mkononi. Akapanda njia ya migomba taratibu kama mgeni anayekwenda kujitambulisha. Miezi yote tangu mazishi hakuwahi kulia kwenye simu. Alikuwa ananiulizia vidonge vyangu tu.

Kwetu mtoto aliyekosa mazishi akifika, wanawake humpokea njiani kwa kilio, na msiba unaanza upya kana kwamba umetokea leo. Lakini hapakuwa na wanawake. Muda ulikuwa umepita, Anasia alikuwa kwake Arusha, majirani wako mashambani. Nilikuwa nimesimama mlangoni peke yangu, na nilidhani machozi yangu yalikwisha.

"Shikamoo mama," akasema, akiwa bado mbali.

Sikuitikia. Nilijifunga kanga kiunoni, nikashuka ile njia nikiwa nimeweka mikono kichwani, nikapaza sauti yote niliyobaki nayo. "Manka! Manka, baba yako ametuacha! Manka mwanangu, baba yako amekufa!"

Alinitazama kama mtu aliyekuwa hajaambiwa. Begi likaanguka. Kilichomtoka sikuwahi kukisikia, hata siku ile alipodhani baba yake amekufa kabla hajafa. Nilimshika, tukaanguka wote kwenye majani. Kutoka kwenye migomba akatokea jirani na jembe, akaliweka chini, akaanza kulia. Akatokea na mwingine. Walikuja mmoja mmoja na matope miguuni mpaka njia ikajaa, wakatuinua, wakatupeleka kaburini. Nikamwambia mume wangu kwamba mtoto amefika, sasa alale.